Unga wa Zinki Umeniharibia Kutu

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Unga wa Zinki,

Natumaini hujambo na tanuri zako hazijambo. Mimi ni fundi wa mageti ya chuma, yule mwenye karakana nyuma ya ukuta wenu. Nimevumilia sana, lakini sasa maji yamenifika shingoni, na malalamiko yangu nayaleta kwa adabu zote.

1. Rangi mnayoitia unga wenu inazuia kutu. Umewahi kufikiri, ndugu yangu, kutu inalisha watu wangapi? Geti la mwenye duka la dawa lilipaswa kuoza zamani, arudi kwangu kwa heshima. Akalipaka rangi hiyo. Siku hizi akipita ananipungia mkono tu na kuniuliza hali ya watoto. Hali ya watoto ni njaa.

2. Kijana wenu wa ghala la unga anamtaka binti yangu. Alipokuja kujitambulisha, kabla hata ya hodi alishika nguzo ya geti langu, akatulia, macho chini, kama mtu anayeomba dua. Kumbe ndiyo desturi yenu: kabla ya kuingia ghalani mnashika chuma ili umeme wa mwilini ushuke ardhini, usije ukatoa cheche unga ukawaka. Mkono umezoea, sasa anashika kila mlango. Alipouondoa mkono, kipande cha nguzo kikatoka nao. Akanitazama, akauliza kwa upole nafanya kazi gani. Mganga hajigangi, najua, lakini swali lile liliniuma.

3. Tulimkaribisha maji, akakataa katakata. Eti nguo zake zina vumbi la unga, na unga ukilowana hutoa gesi na kupata moto wenyewe. Basi akakaa mbali na mtungi na mbali na jiko, yaani mlangoni, njia ya kuku. Hapo akaanza somo: zinki huyeyushwa hadi ichemke na kugeuka mvuke, mvuke ukaingia chumba cha baridi, ukaanguka unga laini kuliko wa ngano, wa kijivu cha kuelekea buluu. Binti yangu, ambaye mimi nikimweleza habari za bawaba anapiga miayo, alisikiliza mdomo wazi.

4. Hili ndilo kubwa. Alisema zinki ikipakwa juu ya chuma hukubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kisalimike. Mke wangu akanigeukia, akanipima kwa macho toka kichwani hadi miguuni. Tangu siku hiyo nikichelewa kuamka, au nikichukua kipande kikubwa cha nyama, naambiwa zinki asingefanya hivyo. Yaani mimi, baba mzima, nashindanishwa na unga!

Kwa hiyo naomba mpunguze zinki kwenye rangi, mtie majivu, hakuna atakayejua. Unga utakaobaki upelekeni kwenye betri za tochi, huko hauvunji nyumba ya mtu. Na kijana huyo mhamishieni tawi la mbali, lisilo na barabara ya kurudi. Binti yangu simtoi. Wajomba wa kijana wanaleta posa kesho, na watakuta geti limefungwa, mimi nimeliegemea.

Nisalimie wapishi wa tanuri, walinzi, na mama anayefagia ofisi yako. Ana geti bovu, mwambie aje.

Wako katika kutu,
Fundi Mageti

Tanbihi: Barua ilichelewa kutumwa. Wajomba wamekuja, nikaliegemea geti kama nilivyoahidi. Bawaba zikakatika, geti zima likaanza kuniangukia. Kijana wenu, ambaye kumbe alishaingia kwa mlango wa nyuma, akaruka akaweka mgongo wake katikati. Mimi sina hata mkwaruzo. Yeye amelala hapa kwetu, binti anamkanda. Mpeni likizo, mgongo ukipona tuna harusi. Na mniletee kopo moja la rangi ile, kubwa, msitie majivu.