Nyumba Inauzwa, Chai Ipo

Jumatatu, 3 Machi
Wazo! Limenijia nikipiga mswaki. Nyumba ina vyumba vinne, bustani pande zote, na mtu mmoja: mimi. Tangu mama watoto afariki, mwaka wa saba huu, anayebisha hodi ni msoma mita ya maji tu, naye huishia getini. Basi nitatundika kibao: NYUMBA INAUZWA. Kuuza siuzi ng'o! Lakini wanunuzi lazima waingie, wakae, waulize maswali. Nimeshanunua biskuti.

Jumanne, 4 Machi
Miaka thelathini nilikuwa mpima ardhi, sibahatishi. Nimepima mtaa mzima kwa hatua zangu: bustani ya watoto 190, shule 310, zahanati 412, duka la dawa 426. Zote nimeziandika kibaoni. Jirani wa kushoto akachungulia juu ya ua. Hatusemeshani mwaka wa sita sasa, tangu alipokata michongoma yangu bila ruhusa, tena kwa mkasi aliouazima kwangu! Mkasi hajarudisha. Nikampa kisogo. Nadhani aliona.

Jumatano, 5 Machi
Hakuna aliyekuja. Nimekula biskuti.

Alhamisi, 6 Machi
Wamekuja! Mwalimu na mkewe mjamzito. Nikawakalisha kibarazani, chai birika zima. Nikawaeleza historia ya kila bomba. Mke akauliza majirani wakoje. Nikamjazia kikombe. Kisha nikajisikia nasema, tena kwa sauti, kwamba wa kushoto ni mtu wa watu, mkarimu, na kwenye msiba wangu alilala hapa hapa kibarazani siku tatu. (La msiba ni kweli. Mengine nilitia chumvi.) Walikaa saa mbili nzima! Wakasema wameipenda, wako tayari. Nikasema bado nafikiria. Mwalimu akanuna. Mkewe akaniambia kwa upole kwamba yeye anaona kabisa nyumba hii siiuzi.

Ijumaa, 7 Machi
Kimya. Nimeosha vile vikombe vitatu. Vilikaa mezani tangu jana, roho ilikataa kuviondoa.

Jumamosi, 8 Machi
Hodi! Nikakimbia na kandambili moja. Kuchungulia dirishani, jirani wa kushoto! Kashika mkasi wangu, umenolewa unang'aa. Akasema kupitia mlango kwamba juzi alisikia kila neno, na kwamba ananiomba nisiuze. Nikihama, alisema, hatabaki na mtu hata wa kununiana naye. Ha! Mimi si mtoto mdogo. Anataka nishushe bei, anunue yeye. Nikapaza sauti kwamba niko bafuni. Akasema atasubiri. Akasubiri kweli, mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akauweka mkasi kizingitini, akaenda zake.

Jumapili, 9 Machi
Siku ndefu. Binti yangu hakupiga simu. Nyumba inanielemea leo, kila chumba.
Wazo! Kosa lilikuwa wanunuzi: wakishakunywa chai wanaondoka. Nimefuta kibao, nimeandika upya: CHUMBA KINAPANGISHWA. Mpangaji ataondoka aende wapi? Nimepima tena hatua zote, ziwe sahihi. Na kwa kuwa miguu ilishashika kasi, nikapima mpaka mlango wa jirani wa kushoto. Hatua kumi na tisa. Hiyo sikuiandika kibaoni. Haimfai mtu.