Ombi la Kumwondoa Piusi, Pamoja na Oksijeni

Mwalimu Brigita,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi wa Kanisa,
Rhotia.

Mpwa wangu, pokea heshima zangu. Nimeandika habari miaka thelathini na moja, kwa hiyo naeleza nilichokiona tu. Zege la msingi lazima limwagwe leo kabla ya mvua. Sioni nafasi ya mtu wa bure.

1. Lori limekwama juu barabarani. Watu tisa wanapokezana makarai ya kokoto kuteremka hadi msingini. Wanane wanatoka jasho. Piusi, wa mwisho, anapokea na kumwaga. Kwa saa nzima amepiga hatua nne. Nimehesabu.

2. Nilipolalamika ulinijibu mbele ya kwaya: "Mjomba, huyo ndiye oksijeni yetu!" Watu wakacheka. Nikaazima daftari lako la baiolojia.

3. Kumbe ndani ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati kwenye seli, mambo ni hayohayo. Protini zilizopangwa kwenye utando hupokezana elektroni zilizotoka kwenye ugali wetu. Kila zinapopokewa, elektroni hupoteza nishati kidogo, na nishati hiyo husukuma protoni upande wa pili wa utando. Hao wanafanya kazi.

4. Protoni zikijazana huko, hurudi kupitia mlango mmoja wenye gurudumu. Gurudumu likizunguka, ATP hutengenezwa, nayo ndiyo nguvu ya kuinulia karai. Hata mlango unafanya kazi!

5. Oksijeni je? Imesimama mwisho. Inapokea elektroni zilizochoka, inachukua na protoni, inakuwa maji. Basi. Na kwa hilo tu wageni wanaopanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye hewa nyepesi, wanaililia.

Naomba Piusi aende nyumbani leo, na oksijeni ifutwe kwenye somo lako kuanzia Jumatatu. Ikishindikana, ipunguziwe sifa.

Msalimie mama yako, kwaya yote na mafundi. Sina kinyongo na mtu, nina takwimu.

Mjomba wako,
Leonce

N.B. Sikusubiri jibu. Nilimruhusu Piusi saa nne kamili. Martha, wa nane, akakosa wa kumpa karai. Wa saba akabaki na lake mkononi, hivyo hivyo hadi kwenye lori. Dakika tatu: watu wanane, makarai manane, hakuna kinachosogea, na fundi anadai kokoto. Wingu limeshafika mlima Oldeani. Naandika haya mlangoni kwa Piusi, kijijini Daa; bodaboda inangoja. Amekubali kurudi, ila anataka nimwombe radhi mbele ya kwaya. Nitamwomba. Barua hii ichane, na oksijeni iache hapo hapo ilipo.