Kuku Ishirini na Wawili Bafuni

Jumatatu, 4 Machi
Kero tupu! Afisa mifugo kapita na kipaza sauti: mafua ya ndege yameingia, yanaua kuku, na binadamu anaweza kuyapata kwa kuku wake mwenyewe. Tuwafungie bandani, wasikaribiane na bata, wakianza kufa tutoe taarifa. Yaani aje kuniteketezea kuku ishirini na wawili! Nilianza na wawili, bila msaada wa mtu, hasa shemeji. Hatari iko kwa jirani yangu, Mheshimiwa (anakuomba chumvi kama anafungua mkutano). Bata wake wanaoga mtaroni, kisha wanakunywa kwenye bakuli la kuku wangu. Nimekwenda ofisini kumshtaki. Raia mwema.

Jumanne, 5 Machi
Afisa anakuja keshokutwa. Vizuri! Halafu nikakumbuka: uzio wetu ni mmoja, atachungulia tu. Nimehamishia kuku wote bafuni. Mke wangu kauliza tutaoga wapi. Nimesema ndoo ipo, uwani papo. Na mtoto je, anayembusu kila kuku anayepita? Nimemjibu kuku wangu wana afya kuliko kaka zake. Hakucheka.

Jumatano, 6 Machi
Msiba. Malkia, mtagaji wangu namba moja, kapiga chafya, kilemba kikawa bluu, akaanguka kando ya beseni. Sikufikiri. Nimempulizia pumzi mdomoni. Mara nne! Wapi. Ya nne ndiyo mke kafungua mlango, mswaki mkononi. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Kambeba mtoto, kaenda kwa mama yake. Ujumbe kamwachia Mheshimiwa (Mheshimiwa!): hatarudi mpaka nipimwe, na nyumbani usionekane hata unyoya.

Alhamisi, 7 Machi
Afisa kafika. Bata wa Mheshimiwa wako nyuma ya wavu, buti zimepangwa mlangoni, na kuna karai la dawa la kukanyaga kabla ya kuingia. Vyote kavipata lini huyu? Afisa kampongeza. Hapo jogoo wangu akawika bafuni. Msaliti! Nikasema ni redio. Akawika tena. Mheshimiwa kasema kwa masikitiko kwamba redio hiyo inamwamsha kila alfajiri. Kuku wanne wengine wameshakufa. Afisa kachukua vipimo, kanitazama nikikohoa, kaniamuru niende zahanati.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari, barakoa hadi machoni, kauliza niligusana vipi na kuku. Nimesema kidogo tu. Kumbe mke alishampigia simu. Kaacha kuandika, kaniuliza kama ni kweli, mdomo kwa mdomo. Nimesema yule alikuwa Malkia. Nesi katoka nje kucheka. Nimechukuliwa vipimo puani, nikae peke yangu. Na mtoto kapimwa, ana homa. Huyo alimbusu Malkia Jumatatu.

Jumamosi, 9 Machi
Nakaa. Nasimama. Nafagia uwani palipofagiliwa. Mama mkwe kasema kwenye simu kwamba mtoto kala nusu kikombe cha uji, kisha kaongeza kwamba mimi nikila nisile, yeye hana habari. Mheshimiwa kanipitishia chakula juu ya uzio kwa beleshi, huku ananihutubia kuhusu kunawa mikono. Nimekula. Sikumshukuru. Nikamshukuru, kidogo. Mungu, chukua kuku wote. Mtoto niachie.

Jumapili, 10 Machi
Hana! Mimi pia sina, ni mafua ya kawaida tu. Nimelia juu ya ndoo. Kuku ndio walikuwa nayo. Wamechukuliwa wote, na msaliti. Bafu limepigwa dawa kutoka dari hadi sakafu. Nimemwapia mke kwa simu: sitaki kuona ndege maisha yangu yote. Kasema anarudi kesho saa kumi.

Jumatatu, 11 Machi
Ukimya uwani hauvumiliki. Mayai mtaa mzima sasa ni ya bata wa Mheshimiwa, na bei kaipandisha! Nimetoka kununua sabuni tu. Njia panda nimemkuta mtu ana bata mzinga sita, anawauza kwa bei ya kutupa, ana haraka ya kuhama. Mmoja anatokwa machozi. Vumbi hilo. Mtu yeyote angewachukua! Tena afisa alitaja kuku na bata, bata mzinga hakumtaja. Pa kuwaweka ndipo paliponisumbua, dakika moja hivi. Bafu! Limepigwa dawa jana tu, hakuna mahali safi kama pale.

Saa kumi kasoro robo. Yule wa machozi kapiga chafya. Nimemfunika kwa taulo la mtoto.