Kengele Yangu ya Tangi la Maji

Wakuu, leo nimeaibika, tena na sabuni ya mtu mwingine. Nawaeleza nyie kwanza kwa sababu ndio mlionipongeza juzi nilipotangaza hapa kundini kwamba naacha stoo nakuwa fundi mkuu. Pongezi zenu ninazo. Anayetaka kurudishiwa aseme.

Mnajua mimi ni mtunza stoo wa kambi yetu ya wafanyakazi hapa Hai Cinema, Juba. Tangi letu hujazwa na lori linalochota maji mtoni, na lori huja siku linapojisikia. Maji hupenda kukatika mtu akiwa bafuni. Basi nikamwambia bosi wetu, Bwana Lado, kwamba mimi Wafula nitaunda kengele ya kutuonya kabla tangi halijakauka. Bwana Lado alikulia Nairobi ukimbizini akarudi kwao uhuru ulipokuja, kwa hiyo anawafahamu Wakenya na midomo yetu. Akasema sawa. Leo baada ya chai angekuja kuitazama. Ikifanya kazi, ufundi ni wangu. Isipofanya, nirudi kulinda sabuni na mifagio mpaka nizeeke.

Nikaagiza Nairobi bodi ndogo ya kompyuta, ile ya watu wanaochezea umeme nyumbani. Unaiandikia amri, inawasha hiki na kuzima kile. Juu yake hupachikwa bodi ya pili yenye matundu matupu, ambayo unaungia waya zako upendavyo. Hiyo ya pili huja kwa aina mbili. Kuna iliyokwisha kulehemiwa miguu, zile pini za kuichomekea: unaitoa kwenye pakiti, unaipachika, unaenda kunywa chai. Na kuna inayokuja uchi, miguu yake imo kwenye kifuko, ujilehemie mwenyewe. Binamu yangu aliyetumwa dukani akanishauri nichukue iliyo tayari. Nikamwuliza kama anajua anaongea na nani. (Anaongea na mtu aliyejifunza kulehemu kwa kutazama video bila sauti, kwa sababu intaneti ya hapa haibebi vyote viwili.)

Ilipofika kwa basi nikanunua solda, ule waya wa kulehemia, sokoni Hai Jalaba, nikajifungia stooni. Niliunga ile miguu vizuri sana. Iling'aa. Ilikuwa upande usiofaa. Bodi ikakubali kukaa juu ya mwenzake ikiwa imelala chali tu, na bodi iliyolala chali haina faida kwa mtu. Nikaifumua, nikaiunga upya kwa hasira, na hasira haishiki solda. Ncha za waya zikabaki ndefu kwa chini kwa sababu koleo yangu ni butu. Nikajiambia ncha ndefu haijawahi kumuua mtu. Vyote nikavitia kwenye mkebe wa biskuti, wa bati, na kipande cha katoni chini yake. Juu nikaandika kwa kalamu nene: MTAMBO WA MAJI. FUNDI WAFULA. USIGUSE.

Likabaki suala la sauti. Kile kipaza kidogo nilichotumiwa kililia kama kifaranga, na hapa jenereta haliachi kifaranga asikike. Ila stooni kulikuwa na king'ora cha akiba, pacha wa kile cha getini. Sasa, tangu vita vianze upya, kambi yetu ina sheria moja ambayo hata panya wanaijua. King'ora kikilia mfululizo, acha ulichoshika ukimbilie bunka, yaani lile kontena lililozungushiwa magunia ya mchanga. Mlango unafungwa, na hafungui mtu mpaka msimamizi wa usalama aseme. Na msimamizi wa usalama, mwenye fulana ya njano na filimbi shingoni, ni nani? Ni mimi. Ndiye ninayewafundisha wengine. Kwa hiyo nikaona mambo yako sawa: kengele yangu ingelia vipande vifupi vifupi, pi, pi, pi. Hata mtoto angetofautisha. Niliijaribu kwenye ndoo, ikalia vifupi. Nikaufunga mkebe na king'ora chake kwenye mguu wa mnara wa tangi, waya wake nikaushusha ndani ya tangi, nikalala usingizi wa mafundi wakuu.

Leo asubuhi nimevaa shati la kufaa kupigwa nalo picha. Nilikuwa stooni nikijisemea hotuba mara kikalia. Mfululizo. Uuuuuuu, bila kupumua.

Ningependa kuwaambia nilitulia, nikafikiri. Nilikimbia. Niliruka ndoo, nikampita Mama Akello, mpishi wetu Mganda aliye na umri wa mama yangu, nikawa wa kwanza bunka. (Msimamizi hutakiwa kuingia wa mwisho. Mimi ndiye niliyeandika hilo ukutani.) Wakaja wahasibu. Akaja mlinzi, ambaye alikuwa ameacha geti wazi tangu alipoenda kunywa chai. Wa mwisho akaja Bwana Lado, taulo kiunoni, povu kuanzia utosini mpaka magotini, jicho moja limefumba. Nikafunga mlango.

Hapo hakuna aliyecheka, na mimi sichekeshi kwa hili. Tuliogopa. Sote tunakumbuka siku ambazo king'ora hakikuwa mchezo. Mama Akello alikuwa anampigia simu binti yake aliye Gulu, kwao Uganda, nami nikamshika bega na kumwambia asihofu, Wafula yuko. Nilimaanisha.

Bwana Lado akanong'ona, "Wafula, maji imeisha nikiwa na sabuni. Hiyo kengele yako iko wapi?"

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba hilo haliwezekani. Kama maji yangekuwa yameisha, kengele yangu ingelia.

King'ora kinalia hapo nje. Mimi nasema hivyo. Na povu linamkauka mtu mbele yangu.

Nikaita kambi za jirani kwa redio. Wakasema mji umetulia, hawajasikia hata tairi kupasuka. Nikawaambia wasidanganyike, wakae chonjo. Mlinzi akauliza kama tufungue basi tuchungulie. Nikamnyamazisha kwa filimbi.

Kisha tukasikia kitu kibaya zaidi: king'ora kilianza kusogea. Kilikuwa mbali, kikawa karibu, kikawa karibu zaidi. Nimefundisha watu usalama, lakini king'ora kinachotembea hakikuwemo kwenye mafunzo. Kikasimama mlangoni. Mlango ukagongwa. Sauti ya mwanamume ikasema, "Moya! Ya jamaa, moya ja!" Yaani, kwa Kiarabu cha hapa, maji yamekuja.

"Ni mbinu," nikawaambia wenzangu. "Msifungue."

Mama Akello akaiweka simu. Akasema, "Mimi iko na miaka mingi hapa Juba. Adui hapana gonga mlango kwa kuleta maji." Akanisogeza kwa kiuno, akafungua.

Alikuwa dereva wa lori la maji, mtu wa Rejaf hapa jirani, mpole kabisa. Mkono mmoja ameshika king'ora, mwingine amekumbatia mkebe wa biskuti, amekunja uso kwa kelele. "Samahani, mimi nilikuwa napandisha mpira kwa tangi, nikagonga hii mkebe," akasema. "Inalia, watu yote mnakimbia. Nazima wapi?" Halafu akausoma mkebe kwa sauti, polepole, kama mtu anayetafuta mwenyewe: "Fundi... Wafula... Usiguse." Akaomba radhi kwamba amegusa.

Nikang'oa betri. King'ora kikakoma.

Ilibidi niufungue mkebe mbele yao wote. Ulikuwa mtihani wenyewe sasa. Mguu mmoja wa bodi, ule wa waya wa tangini, solda ilikuwa imeuachia, ndiyo maana maji yalipokwisha mtambo ulinyamaza. Na zile ncha ndefu, mkebe ulipogongwa, zilitoboa katoni zikagusa bati, ndiyo maana maji yalipokuja ulipiga yowe. Nimeunda kengele ya kwanza duniani inayokuonya kwamba umeokoka.

Nikamtazama Bwana Lado. Povu lilikuwa limemganda, na alipozungumza likapasuka mashavuni. Nilitegemea matusi, nayaelewa hata ya Kiarabu. Akauliza tu kama ile bodi ilikuwa inauzwa ikiwa imeshaungwa. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini sikununua hiyo. Akaenda kusimama chini ya mpira wa lori na taulo lake, mbele ya kambi nzima, akajimwagia.

Uamuzi wa Bwana Lado nimeletewa mchana. Stoo ni yangu, mifagio imefurahi. Fulana ya njano amepewa Mama Akello, imembana lakini ameivaa jikoni. Filimbi nimeachiwa, kwa sababu kila asubuhi na jioni nitapanda ngazi kuchungulia tangi kwa macho yangu mawili, na nikiona maji yamepungua nipulize. Vifupi vifupi. Mtoto angetofautisha.

Nanyi mkitaka kucheka, chekeni vifupi vifupi hivyo hivyo. Mkicheka mfululizo, kuna watu wa heshima hapa watakimbia na sabuni.