Babu Yangu, Nahodha wa Kivuko

Jumapili, 3 Machi

Chakula cha mchana kwa baba mkwe. Ametimiza miaka themanini. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, amefika na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kaki, kikubwa kama mlango. Yeye ni mfamasia, na hufungua kila kitu polepole kana kwamba ndani mna dozi. Kumbe ni mti wa ukoo wake. Vizazi saba, shina la kahawia, majani ya kijani, na juu kabisa babu wa babu yake, ambaye eti alifungua shule ya kwanza katika wilaya nzima. Watu wakapiga makofi. Baba mkwe akavaa miwani asome hadi mizizi.

Kisha akanigeukia mimi, akauliza kwa upole watu wa kwetu walikuwa wakifanya kazi gani.

Ningeweza kusema sijui. Mimi ni karani wa masjala. Kusema sijui, njoo kesho, ni sehemu ya kazi yangu. Badala yake nikasikia sauti yangu ikieleza kwamba babu yangu alikuwa nahodha wa kivuko cha mtoni. Kwamba siku kilipozama aliwaokoa watu arobaini. Kwamba yeye alitoka wa mwisho, kofia ikiwa bado kichwani.

Ninachokijua hasa ni hiki: marehemu baba aliwahi kusema babu alikuwa "mtu wa kivuko." Hayo mengine yalikuja yenyewe, nikiwa bado natafuna.

Baba mkwe akatokwa na machozi. Mwanyumba hakutokwa na chochote. Akafuta midomo, akasema shule anakofundisha binti yangu, ambayo yeye ni mwenyekiti wa kamati yake, imejenga maktaba na haijapata jina. Mtu kama huyo hastahili kusahaulika. Je, ninaweza kuleta ushahidi kwenye mkutano wa wazazi, Jumamosi?

Nikasema, "Bila wasiwasi." Binti yangu akainamia sahani yake. Ananijua.

Jumatatu, 4 Machi

Nimemwambia bosi jino linauma, nikaenda ofisi ya kumbukumbu za zamani. Nilikwenda kwa kujiamini. Miaka ishirini na mbili nikiishi na mafaili, faili la babu lingenikimbilia wapi?

Halikukimbia. Mtunza kumbukumbu, mama mmoja mwenye glavu nyeupe, alilileta kabla sijakaa vizuri. Taarifa ya kuzama kwa kivuko, kurasa nne. Abiria wote walinusurika, kwa msaada wa watu waliokuwa ukingoni. Nahodha alikuwa na jina jingine kabisa, na siku ile alikuwa kwake, amelala na homa. Jina la babu liko ukurasa wa tatu, mkata tiketi. Nimelinakili hapa ili nisijidanganye:

"Mkata tiketi alikuwa wa kwanza kufika nchi kavu, akiwa na boya pekee lililokuwamo chomboni. Alipoulizwa alisema alikwenda kutafuta msaada."

Nikafunga faili taratibu. Masikio yalikuwa ya moto. Mama wa glavu akauliza kama nimempata ndugu yangu. Nikamwambia hapana, ni majina tu yamefanana.

Nilipokuwa natembea kwenda kituoni nikajifariji kwamba ndiyo mara ya kwanza maishani kumkana ndugu. Si kweli. Ni mara ya pili.

Jumanne, 5 Machi

Jino bado linauma, kwa mujibu wa bosi. Nimekwenda kwa shangazi, dada yake marehemu baba. Ana miaka themanini na sita na anasikia kila kitu isipokuwa asichotaka. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza nimekuja kuazima nini.

Nikamwambia nataka habari za babu, hasa kipindi cha unahodha. Alicheka mpaka ungo ukapinduka. Nikaokota maharage, yeye akasimulia.

Kivuko kilijaza watu kupita kiasi, kikainama, kikamwaga watu kama huo ungo. Babu hakujua kuogelea. Alimwona mwanamke mmoja ameshika boya, naye akalishika, na mwisho akabaki nalo peke yake. Akafika ukingoni akilikumbatia.

Hapo ukingoni palikuwa na dobi, msichana wa miaka ishirini, anafua mashuka ya hospitali. Alimnyang'anya babu boya, akalitupa majini kwa wenye shida. Akamzaba kwa shuka lililolowa. Halafu akafunga mashuka ncha kwa ncha, akampa babu ncha moja aishike, akaingia mtoni mpaka shingoni na ile nyingine. Aliwatoa watu kumi na tisa, mmoja mmoja. Waliobaki walijiokoa wenyewe au kwa lile boya.

Kesho yake babu akarudi kurudisha shuka alilopewa ajifunike. Alikuwa amelifua mwenyewe, vibaya. Dobi akamwambia arudie. Mwaka uliofuata wakaoana.

"Huyo ndiye bibi yako," shangazi akasema.

Kisha, Mungu anisamehe, nikauliza kama katika ukoo hakuna mtu mwingine. Labda kwenye vyombo vikubwa zaidi.

Shangazi akaacha kucheka. "Wewe mtoto, una bibi aliyetoa watu kumi na tisa mtoni, unanitafutia kofia?"

Jumatano, 6 Machi

Ofisini. Sijafanya lolote la maana. Nimeandika "dobi" kwenye karatasi, nikaifunika kwa faili, nikaifunua, nikaifunika.

Nitaandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nilikuwa darasa la tano. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na nilisahau sweta. Bibi alilileta mpaka getini, kwa miguu, limekunjwa kama la dukani. Mikono yake ilikuwa myeupe, imekunjamana, na alinukia sabuni ya mche tangu mbali. Wenzangu wakauliza ni nani. Nikasema ni mfanyakazi wetu.

Alikuwa karibu vya kutosha kusikia. Alinipa sweta, akasema, "Haya, bwana mdogo, vaa usipate mafua." Akaondoka. Hakuja tena getini, na nyumbani hakulisema hata siku moja. Laiti angenizaba kwa shuka kama alivyomzaba babu, ningekuwa nimepona.

Baada ya kuandika haya nilikaa na kichwa mikononi kwa muda mrefu. Nikaamua nitasimama Jumamosi niseme ukweli wote, na nitamtaja bibi kwa fahari.

Saa kumi nilipotoka kazini nikapita kwa mpiga picha wa pale kona. Ana maboksi ya picha za zamani ambazo wenyewe hawakuzifuata. Nilikuwa naangalia tu. Lakini kulikuwa na mzee mmoja wa suti nyeupe, vifungo vya kung'aa, kofia ya chapeo, masharubu ya heshima, na masikio yamesimama kama yangu. Mkononi alishika kitu cha shaba. Nikamwomba mpiga picha akikate.

Hakikukatika chote. Kimebaki kimdomo chake, chini kushoto. Nitasema ni bomba la kuitia abiria.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu ameuliza shangazi alisemaje. Nikamwambia shangazi amekula chumvi nyingi, anachanganya mambo. Nilipolisema hilo niliona haya mpaka nikatoka nje kujifanya naangalia bomba la maji. Bomba lilikuwa zima.

Binti yangu akanifuata hapo bombani. Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Baba, mimi ndiyo kwanza nina mwaka mmoja pale shuleni. Kama si kweli, niambie leo."

Nikamtazama mtoto niliyemfundisha kusoma. Nikamwambia ni kweli, na picha ipo.

Akasema, "Sawa, baba." Akachukua mkoba wake, akasema ana safari fupi ya kumjulia mtu hali.

Jumamosi, 9 Machi

Nitajikaza kisabuni niandike.

Wazazi walijaa ukumbi mzima. Kamati ilikaa mbele, mwanyumba katikati na kalamu mbili mfukoni. Baba mkwe na mama mkwe wakapewa viti vya mbele kwa heshima ya habari yangu. Mke wangu alikaa nyuma yao. Binti hakuonekana.

Nilizungumza dakika kumi na tano. Nilianza kwa woga, lakini watu wakasikiliza, na watu wakinisikiliza huwa sijizuii. Arobaini wakawa sitini na wawili. Nikaongeza mjamzito. Nikaongeza na mbuzi. Kisha nikainua picha, nimeitia fremu, nikamnyooshea baba mkwe aipitishe.

Mama mkwe ndiye aliyeishika kwanza. Akaisogeza machoni, akaitenga, akatabasamu kama msichana.

"Huyu si yule wa tarumbeta?" akamwuliza mumewe. "Wa ile bendi ya arusi yetu?"

Baba mkwe akavaa miwani. Akasema ndiye, na tarumbeta lenyewe hilo hapo, limekatwa. Hakunitazama. Akaniachia mimi nimtazame yeye.

Mwanyumba akafungua kalamu, akauliza kwa sauti ya kutoa dawa kama ningependa kueleza. Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakikutoka kitu. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini shule ile imejengwa vizuri.

Ndipo nikasikia fimbo mlangoni. Shangazi, mkono wake ukiwa begani mwa binti yangu. Walitembea mpaka mbele bila haraka. Shangazi hakuomba ruhusa ya kusema.

"Baba yangu hakuwa nahodha. Alikuwa mkata tiketi, na siku ile aliogopa. Alilisema mwenyewe mpaka anakufa, mbele ya yeyote, hakulificha. Aliyewatoa watu ni mama yangu. Alikuwa dobi."

Akasimulia yote, kama alivyonisimulia. Alipofika kwenye shuka la kumzabia babu watu wakacheka. Alipofika kwenye mtu wa kumi na tisa hawakucheka tena. Mzee mmoja nyuma akasimama na kusema mama yake alikuwa ndani ya kivuko kile, na mpaka uzeeni hakuruhusu shuka litupwe nyumbani kwake, hata likichanika. Halafu akakaa.

Kamati haikuchukua muda. Maktaba itaitwa kwa jina la bibi. Mwanyumba mwenyewe alilipendekeza, na alilitamka vizuri, hilo lazima niliandike ingawa sipendi.

Nilikuwa bado nimesimama pale na picha ya mpiga tarumbeta. Wakati wa kutoka, shangazi akapita mbele yangu. Nikasema, "Shangazi, nisamehe." Akasema asiyejua kuogelea ana haki ya kuogopa maji, lakini mimi nilikuwa nchi kavu.

Jumapili, 10 Machi

Sijatoka chumbani mpaka saa nne. Mke wangu ameweka chai mlangoni kama ya mgonjwa.

Nikamwita binti. Nikamweleza habari za getini, sweta, na nilivyosema. Sijawahi kumweleza mtu. Nililia, na si kilio cha kupendeza. Akauliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Nikagundua ninajua mambo matatu tu: alinukia sabuni, alikunja nguo bila kuzitazama, na aliniacha nikue bila kunidai maelezo. Nikamwambia hayo matatu. Akasema yanatosha kuanzia.

Nimeapa. Sitapiga chuku tena. Kuanzia leo nitasema lililopo, kama lilivyo, nikishamaliza ninyamaze.

Jumatano, 13 Machi

Mwalimu mkuu ni mtu mwema kupita kiasi. Amenipigia simu, amesema yaliyopita si ndwele (kwake labda), na kwamba kwa kuwa mimi ni mjukuu na ni mtu wa maandishi, niandike maelezo mafupi ya bibi yatakayotundikwa ukutani siku ya ufunguzi. Nusu ukurasa. Ukweli mtupu.

Nimekaa mezani kwa unyenyekevu mkubwa. Nimeandika: "Alikuwa dobi." Nikaitazama sentensi hiyo. Ni ya kweli, lakini imekaa peke yake kama yatima. Nikaandika: "Alikuwa mkuu wa huduma za ufuaji." Hospitalini hakukuwa na dobi mwingine, kwa hiyo mkuu ni nani?

Kumi na tisa ni hesabu ya waliotolewa kwa shuka tu. Waliookolewa na lile boya nao ni wake, maana alilitupa yeye, na waliojiokoa bila shaka walimwona wakatiwa moyo. Nimeandika "mamia." Kiukweli kila mmoja ana wajukuu.

Binti amepita, amesoma begani kwangu, akaondoka bila kusema neno. Amejaa furaha, nadhani.

Aya ya mwisho inamtaja mjukuu ambaye, kwa utafiti wake wa kina na ujasiri wa kusimama mbele ya umma, aliibua historia hii isipotee. Nimeigusia kwa kifupi sana. Kurasa tatu.