Jinsi ya Kumchosha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji bado yupo. Alikuja kutafuta kazi, akaomba siku mbili tu. Kochi langu sasa lina umbo lake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ufanyeje mgeni akiwa mdogo wa mkeo.

Lakini nimepata njia. Mwisho wa mwezi kuna mbio za mtaa, mizunguko sita ya uwanja wa shule. Nimemwambia mbele ya mke wangu: nikimshinda, anahama. Akinishinda, anachukua chumba changu kidogo, kile cha kutengenezea redio. (Hakuna iliyowahi kupona. Ila ndipo mahali pekee nyumbani ambapo siulizwi kitu, na ninapapenda sana.) Shemeji akasema sawa, bila kuinua kichwa kwenye mto. Maskini!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanda kwa jirani wa ghorofa ya juu anayetibu viungo hospitalini. Mtaa mzima unamwita Mama Magoti. Nikadai ninamuulizia rafiki anayetaka kushinda mbio. Akajibu kwamba rafiki yangu apunguze tumbo.

Kisha akaeleza. Misuli ina nyuzi za aina tofauti. Kuna za polepole: zinatumia oksijeni, zinachoma mafuta na sukari taratibu, hazichoki upesi. Kuna za kasi: zina nguvu za ghafla, zinatafuna sukari iliyohifadhiwa msulini bila kusubiri oksijeni, halafu zinaishiwa mapema. Na kuna za katikati, zinazofuata unavyozizoesha. Hizo sikutaka hata kuzisikiliza. Siwapendi wasio na msimamo.

Mimi ni wa kasi. Mbwa wa fundi viatu aliponifukuza nilimwacha mbali. Mke wangu anasema mbwa alikuwa amefungwa. Wivu.

Jumapili, 9 Machi

Mpango umekamilika. Kama sukari ya msulini ni akiba, mshindi ni mwenye akiba. Mimi nitalala. Shemeji nitamtumikisha mpaka ghala lake libaki tupu. Jembe hilo!

Leo nimemtuma sokoni kwa miguu. Aliporudi, nikakumbuka chumvi. Aliporudi na chumvi, nikakuta chumvi ipo. Jioni amepandisha mtungi wa gesi hadi kwetu ghorofa ya nne, nikasema si huo. Mke wangu akauliza mbona nimelala na raba miguuni. Nikamwambia niko mazoezini.

Jumatano, 19 Machi

Akiba yangu imekuwa kubwa. Suruali haifungi.

Shemeji anabeba maji, gunia la mkaa, nguo za dobi. Siku za mwanzo alihema mpaka nikaona huruma, karibu nimwachie. Sasa anapanda ngazi akipiga mluzi. Nadhani uchovu umempanda kichwani. Nimemwongezea ndoo.

Tumekutana na Mama Magoti ngazini, shemeji na gunia begani, mimi nimeshikilia ukuta. Akauliza rafiki yangu anaendeleaje. Nikasema yuko tayari kabisa.

Jumamosi, 29 Machi

Niliongoza! Hilo liandikwe kwanza. Mzunguko wa kwanza wote hakuna aliyeniona ila mgongo. Mke wangu alipaza sauti kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikampungia mkono.

Mzunguko wa pili mapaja yakawaka moto. Kisha miguu ikakataa, kana kwamba hatujuani. Nikapitwa na shemeji, anapiga mluzi. Akanisalimia. Nikapitwa na fundi viatu. Nikapitwa na mwalimu mkuu mstaafu. Nikapitwa na shemeji tena.

Mama Magoti alinikuta nimelala kwenye nyasi. Akasema nyuzi zangu za kasi zimetafuna sukari kwa pupa zikachoka, na za polepole zimesahau kazi. Nikauliza za shemeji zimetoa wapi nguvu. Akasema aliyempa zile ngazi na yale magunia amemfaa kuliko kocha: hata nyuzi zake za katikati zimezoea kutumia oksijeni. Shemeji akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema shemeji asante, umenitoa mbali. Alimaanisha! Niliona aibu mpaka masikioni.

Redio zangu zimehamia chini ya sinki.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika nikiwa kochini. Bado lina umbo lake.

Nimetafakari kwa kina na kosa langu nimeliona: nilimpa kazi. Nyuzi zisipotumika hulegea, Mama Magoti mwenyewe kathibitisha. Nimeomba marudiano mwisho wa mwezi ujao, tuzo ni chumba kilekile. Shemeji kakubali, bila kuinua kichwa kwenye mto.

Kuanzia leo haruhusiwi kugusa kitu. Alfajiri nimempandishia maji ya kuoga. Nimekwenda sokoni, nikarudi tena kufuata chumvi. Nimebeba gesi, mkaa na nguo za dobi. Mapaja yananiuma, sijui kwa nini. Mke wangu ananitazama, anacheka peke yake.

Nimempelekea shemeji chai kitandani. Kasema haina sukari ya kutosha, nami nashuka dukani kumletea. Maskini, hajui kinachomngoja.