Jino la Mkaguzi

Khuong aliingia katika Nyumba ya Utamaduni ya Rach Bun kwa sababu moja tu ya maana: ndani kulikuwa na feni. Tangu asubuhi alikuwa sokoni akiuza dawa ya kuotesha nywele, na mtu pekee aliyesimama kumsikiliza alikuwa kinyozi, tena kwa nia ya kumfukuza. Aliegesha pikipiki yake nyekundu kivulini, akaipangusa kwa leso yake mwenyewe, maana aliipenda kuliko wake zake wawili waliomkimbia, kisha akaingia kutafuta upepo.

Alikuta maonyesho ya wachoraji wa mji. Picha arobaini zilining'inia ukutani, na kumi na moja kati yake zilikuwa za machweo. Machweo yote yalichorwa na Bwana Luyen, mkurugenzi wa jumba, ambaye pia ndiye aliyeamua picha zipi zikae karibu na mlango. Jua lake lilikuwa na ukubwa uleule katika picha zote, na fununu zilisema alilichora kwa kuzungushia sahani ya wali.

Khuong alikuwa akielekeza shingo kwenye feni ndipo alipouona ubao ulioegemezwa pembeni, jirani na choo. Ulikuwa mpana kama mlango wa kabati, umechorwa kwa utomvu wa mti, ile kazi ya kizamani. Ulionyesha kivuko cha Rach Bun: wanawake na vikapu vyao, bata wanaogombana, mvuke ukipanda kutoka sufuria ya supu. Nguo nyeupe zilikuwa maganda halisi ya mayai ya bata, yamepangwa kipande kwa kipande. Anga tu ndilo lililobaki kahawia tupu, kana kwamba mchoraji aliitwa mezani akasahau kurudi. Chini yake palibandikwa maelezo: "Picha za namna hii hufunikwa kwa utomvu mweusi, kisha husuguliwa mpaka zionekane. Kazi ya Bi Sau na marehemu mumewe. Haiuzwi."

Khuong alimfikiria Madamu Diep, mwenye hoteli kule Sai Gon, aliyekuwa akitafuta picha kama hiyo ya kupamba ukumbi wake. Angeinunua bila kupepesa jicho, na Khuong angepumzika na dawa za nywele mpaka kufa kwake.

"Haiuzwi," alijisomea, akatabasamu hadi jino lake la dhahabu likamulika. Kitu chenye bei hununuliwa. Kisichouzwa, basi, itabidi kichukuliwe.

Sasa, watu wa Rach Bun si wajinga, nisije nikawasingizia. Hawamwamini mchuuzi, hawamwamini mganga wa meno, na utabiri wa hali ya hewa huusikiliza ili wacheke. Wanachokiamini ni kitu kimoja: mhuri mwekundu. Barua yenye mhuri mwekundu husomwa watu wakiwa wamesimama. Khuong alilijua hilo. Alirudi katika chumba chake cha kupanga, akakata kisigino cha kandambili, akachonga kwa wembe mhuri wa duara: KAMATI YA KUKAGUA PICHA. Wembe uliteleza mara moja tu, kijialama kimoja juu ya herufi kikameguka. Alikitazama, akaona hakizidi mguu wa nzi, akaachana nacho.

Kesho yake Bwana Luyen aliupokea waraka wenye mhuri huo kwa mikono miwili.

"Ndugu mkaguzi! Mbona hamkupiga simu tukaandaa hata chai?"

"Tukipiga simu, ndugu mkurugenzi, tunakuta kila kitu kimepanguswa vumbi. Sisi tunataka ukweli." Khuong alitembea taratibu, mikono mgongoni, akasimama mbele ya machweo ya nne na kuvua miwani. "Nani kachora hili?"

Bwana Luyen akakohoa. "Ni kijana mmoja... wa hapahapa."

"Mfungieni mlango huyo kijana, Sai Gon watamwiba."

"Ni mimi," alisema Bwana Luyen, na machozi yakamlengalenga. Namhurumia mkurugenzi yule. Kwa miaka ishirini, kila aliyesimama mbele ya machweo yake alikuwa anataka kuuliza choo kiko wapi.

Khuong alimweleza kwamba Kamati ingepeleka picha mbili kwenye maonyesho makubwa ya Sai Gon, moja ya mwanamume na moja ya mwanamke, ndio utaratibu. Ya mwanamume ilikwisha kupatikana. Ya mwanamke, aliongeza huku akipiga miayo, hata ile ya chooni ingefaa, ya kujazia tu.

Bi Sau aliitwa. Alikuja na kofia yake ya majani mkononi, mwanamke mfupi wa miaka sabini, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa nusu karne. Wengine walipoona wekundu wa mhuri walisimama wima. Yeye aliusogeza waraka puani, akausoma mhuri herufi kwa herufi, akaupitishia kidole gumba.

"Kamati hii, mwanangu," aliuliza, "kazi yake ni hii hasa iliyoandikwa hapa?"

"Hiyohiyo, Bi Sau. Neno kwa neno."

"Haya. Nashukuru kwa kunieleza ukweli."

Khuong aliinama kwa unyenyekevu. Hakujua kwamba ameulizwa swali.

"Ila picha haisafiri uchi," Bi Sau aliendelea. "Lazima ubao ufunikwe mweusi, usuguliwe hukohuko uendako. Lakini mkaguzi kama wewe unayajua haya kuliko mimi."

"Nilikuwa nataka kukukumbusha," alisema Khuong haraka. Si alikuwa ameyasoma ukutani?

"Na anga bado halijafungwa. Mimi na marehemu tulikosa dhahabu, miaka tisa sasa. Bila dhahabu kazi yangu haiishi, na kazi isiyoisha mimi siifuniki. Kamati bila shaka ina fungu lake."

"Dhahabu kiasi gani?"

"Ile ya karatasi, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Vijitabu thelathini vya karatasi hizo."

Khuong alipiga hesabu kichwani. "Ishirini havitoshi, bibi?"

"Vinatosha, kama Kamati inataka theluthi mbili ya picha."

Bwana Luyen alimtazama mkaguzi kwa mshangao. Kamati gani hii inayobembeleza bei kama mnunua samaki? Khuong akaona heshima yake inaanza kuvuja. Akacheka, akasema vijitabu thelathini ni jambo dogo, angevileta kabla wiki haijaisha.

Katika mji ule mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na fedha taslimu za kununua pikipiki, naye alikuwa kinyozi. Sitasimulia walivyoagana, Khuong na chombo chake. Inatosha kusema aliipangusa mara ya mwisho. Dhahabu ilipatikana, ikakabidhiwa. Bi Sau akasema, njoo baada ya mwezi.

"Mwezi!"

"Utomvu haukauki kwa amri ya Sai Gon, mwanangu. Unataka siku zake na unyevu wake, kama unga wa maandazi unavyotaka joto."

Basi Khuong alikaa Rach Bun mwezi mzima, akila wali wa chenga na kunywa kahawa ya maziwa mazito, na kila asubuhi kinyozi alipita na kumpigia honi. Karakana ya Bi Sau hakuruhusiwa kuingia, kwa kisingizio cha vumbi. Siku moja tu bibi alitoka mlangoni akamkazia macho.

"Hebu cheka, mwanangu."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu. Mwaka mzima sijaona mtu mwenye furaha."

Khuong akacheka, jino likamulika, na bibi akarudi ndani ameridhika.

Siku ya kuondoka alikabidhiwa ubao mweusi tii, umefungwa kwa mkeka. "Kila kitu kimo ndani, mahali pake," Bi Sau alimhakikishia. Bwana Luyen alimkabidhi machweo ya nne na kumkumbatia mara mbili. Khuong aliyasahau machweo kwenye basi, kwa makusudi.

Madamu Diep alimpokea katika ukumbi wa hoteli, mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai. Alikuwa mama mpana, mwenye pete kila kidole na subira kidogo. Aliutazama ubao.

"Nimekuagiza picha, Khuong. Umeniletea ubao wa kufundishia?"

"Subiri, Madamu. Kazi ya namna hii haionyeshwi, inafunuliwa." Akakunja mikono ya shati, akalowesha msasa majini, akaanza kusugua kwa mbwembwe. Wageni wakasogeza viti. Punde, katikati ya weusi, kikatokea kimulimuli.

"Dhahabu!" alipaza Khuong. "Hilo ndilo anga, waheshimiwa!"

Akasugua pembeni. Vikatokea vipande vyeupe vya ganda la yai, vimepangwa safu. "Na hizo ni nguo za wanawake kivukoni."

Madamu Diep akainama. "Mbona nguo zina midomo?"

Khuong alisugua kwa kasi, jasho likimtoka. Midomo ikapata pua, pua ikapata macho, na macho yakamtazama. Alikuwa yeye mwenyewe, Khuong, anakimbia na ubao kwapani huku akicheka, jino moja la dhahabu kinywani. Nyuma yake kinyozi alikuwa juu ya pikipiki nyekundu. Juu ya kichwa cha Khuong, mahali ambapo jua lingekaa, palikuwa na mhuri mwekundu mkubwa kama sinia, na Madamu Diep akausoma kwa sauti.

"Kamati ya Kusaka Picha."

Katika maandishi ya kwao, kukagua na kusaka huandikwa kwa herufi zilezile. Kinachoyatenganisha maneno hayo ni kijialama cha juu, chenye kijindoano kidogo. Kikimeguka kijindoano, mkaguzi anageuka msakaji. Ule mguu wa nzi ulikuwa umemkuta Sai Gon.

Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika. Madamu Diep hakucheka. "Na zile tatu ulizoniuzia mwaka jana," alisema polepole, "nazo ulizisaka?" Hakungoja jibu. Alimwonyesha mlango, akamwambia asikanyage tena pale.

Khuong alirudi Rach Bun kwa basi, ubao kwapani, roho inamwaka. Alilia njia nzima kwa ajili ya pikipiki yake, kilio cha kweli. Aliingia Nyumba ya Utamaduni amekwisha kupanga matusi kuanzia dogo hadi kubwa, akakuta ukumbi umejaa watu.

Picha ya kivuko ilikuwa imehamishwa kutoka chooni, imetundikwa kwenye ukuta mkuu. Anga lake lote lilikuwa dhahabu. Asubuhi ilikuwa imewafikia wale wanawake na bata wao, na mvuke wa supu ulipanda ukapotea katika mwanga. Khuong akayasahau matusi yake yote. Hakuwahi maishani mwake kutia mkono katika kitu kizuri namna ile, na aliona uchungu kwamba hakukusudia. Chini palibandikwa: "Kazi ya Bi Sau na marehemu mumewe. Dhahabu: zawadi ya Kamati ya Kusaka Picha. Haiuzwi."

Bi Sau alikuwa ameketi kando yake, kofia magotini.

"Umenitapeli, bibi," alisema Khuong kwa sauti ya chini.

"Mimi? Nilisema dhahabu ni ya kufunga anga, nimefunga anga. Nilisema utapewa ubao umefunikwa, nikakupa. Neno gani lilikuwa la uongo?"

Khuong alitafuta, hakuliona.

"Punje moja niliitoa nikakuwekea kwenye jino," bibi aliongeza. "Marehemu asingependa usafiri mikono mitupu."

Hapo ndipo Bwana Luyen alipomwona, akamrukia na kumkumbatia. Yeye mpaka leo anaiamini ile Kamati. Alimkabidhi hati ya pongezi kwa kuukamilisha urithi wa mji, yenye mhuri mwekundu, huo wa kweli, na watu wote wakasimama. Kisha akaufungua mkeka, akaitazama picha ya mtu anayekimbia, akaamua iingie kwenye maonyesho mara moja. Nafasi ilikuwepo moja tu, ile ya jirani na choo.

Khuong alisaidia kuitundika. Alikuwa bado amesimama kando yake, hati mkononi, akiunyoosha ubao usiende upande, alipokuja mama mmoja mwenye haraka. Mama yule aliitazama picha, akamtazama Khuong, akaitazama tena picha.

"Samahani, ndugu," alisema. "Choo kiko wapi?"

Khuong akamwonyesha kwa kidole.